Pamba ilipanda kwa vita, amani ikafilisi wanunuzi

Wauzaji wa chai katika mnada wa Mombasa hawahitaji kuambiwa kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe katika nchi moja huingia katika vitabu vya hesabu vya nchi nyingine. Tangu jeshi la Sudan na kikosi cha RSF walipoanza kupigana mjini Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, Sudan, iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya, imekuwa mteja wa mashaka. Machi 2025 serikali ya kijeshi ya nchi hiyo ilitangaza kusimamisha uingizaji wa bidhaa zote kutoka Kenya, kwa hasira ya viongozi wa RSF kupokelewa Nairobi. Makampuni ya soda na peremende ya Ulaya na Marekani nayo yalilazimika kuhangaikia gundi ya mgunga, ambayo sehemu kubwa ya ile inayouzwa duniani hutoka Sudan.

Hata hivyo, kwa mfanyabiashara anayetaka kuuona mwenendo mzima wa jambo hili, tangu bei inapoanza kupanda mpaka watu wanapofungiwa maduka, hakuna kisa kilichokamilika kama cha pamba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865. Vita vyenyewe vilipiganwa karibu vyote ndani ya nchi moja, lakini gharama zake zililipwa pia Manchester, Bombay, Cairo na hata Unguja. Na jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba wengi wa waliofilisika katika masoko hayo hawakufilisika vita vilipoanza. Walifilisika habari za amani zilipofika.

Muuzaji mmoja, wanunuzi wengi

Mwishoni mwa miaka ya 1850, nguo za pamba zilikuwa uti wa mgongo wa viwanda vya Uingereza. Viwanda hivyo vilikuwa vikitumia takriban ratili milioni 800 za pamba kwa mwaka, na asilimia 77 ya pamba hiyo ilitoka majimbo ya kusini ya Marekani. Ufaransa ilitegemea pamba hiyo hiyo kwa asilimia 90, na Urusi kwa asilimia 92. Ililimwa na kuvunwa na watumwa. Sensa ya mwaka 1860 ilihesabu watumwa wapatao milioni 4 nchini Marekani.

Wenye viwanda hawakuona tatizo lolote katika kumtegemea muuzaji mmoja. Pamba ya Marekani ilikuwa ya bei nafuu, ndefu ya nyuzi, iliyochambuliwa vizuri, na meli zilikuwa nyingi. Wauzaji nao walikuwa wamevimba kichwa. Mwaka 1858, Seneta James Henry Hammond wa South Carolina alitamba ndani ya Seneti kwamba hakuna dola duniani itakayothubutu kupigana na pamba, kwa kuwa pamba ni mfalme. Hesabu yao ilikuwa rahisi: pamba ikikatwa, Uingereza itashindwa kuvumilia, italeta manowari zake na vita vitakwisha kwa ushindi wa Kusini.

Majimbo 11 yalijitenga. Mizinga ya kwanza ilipigwa katika ngome ya Fort Sumter tarehe 12 Aprili 1861, na wiki moja baadaye, tarehe 19 Aprili, Rais Abraham Lincoln alitangaza kuzifunga bandari za Kusini kwa manowari.

Hapo Kusini ilifanya jambo ambalo kila mwenye ghala anapaswa kulitazama kwa makini. Wakati huo manowari za Lincoln zilikuwa chache, na ukanda wa pwani wa kuzilinda ulikuwa mrefu mno. Meli zilikuwa bado zinaweza kupita. Badala ya kuharakisha kuuza pamba yake ili ipate fedha za kununulia silaha, Kusini iliihodhi. Marobota yalizuiwa yasifike bandarini, na mengine yakachomwa moto, ili mnunuzi abanwe mpaka asalimu amri.

Mnunuzi hakubanwa, angalau si mwaka ule. Mavuno ya miaka miwili iliyotangulia vita yalikuwa makubwa kupita kiasi na maghala ya Liverpool yalikuwa yamejaa. Zaidi ya hayo, viwanda vilikuwa vimefuma nguo nyingi kuliko soko lilivyoweza kumeza, hivyo kulikuwa na shehena za nguo zisizouzika huko Bombay, Calcutta na China. Kwa mwenye kiwanda aliyekuwa na nguo ghalani zinazoshuka bei kila wiki, tangazo la Lincoln lilikuwa neema. Mali iliyokuwa imelala iliamka. Na kwa kuwa mavuno ya nafaka ya Uingereza yalikuwa mabaya katika miaka hiyo hiyo, Waingereza walihitaji ngano ya majimbo ya Kaskazini, na serikali ya London haikuwa tayari kumgombeza anayewauzia mkate.

Bei ya pamba Liverpool, ambayo kabla ya vita ilikuwa karibu peni 7 kwa ratili, ilipanda polepole mwaka 1861. Mwaka 1862, akiba ilipokwisha, ilivuka peni 20. Katikati ya 1864 ilifika peni 30 na zaidi.

Njaa ya Lancashire

Mzigo wa kwanza uliwaangukia wasiokuwa na ghala wala robota. Katika jimbo la Lancashire, vinu vilisimama kimoja baada ya kingine, na vingine vikafanya kazi siku mbili au tatu kwa wiki. Mwishoni mwa 1862 watu wapatao 500,000 walikuwa wakiishi kwa misaada. Familia ziliuza vitanda na mablanketi. Machi 1863 kulizuka ghasia katika mji wa Stalybridge, wananchi walipokataa kupewa misaada kwa vocha badala ya fedha taslimu.

Jambo la kushangaza ni kwamba wafanyakazi wengi waliokuwa na njaa hawakudai bandari za Kusini zifunguliwe. Tarehe 31 Desemba 1862 walikutana Manchester wakapitisha barua ya kumuunga mkono Lincoln dhidi ya utumwa, naye akawajibu Januari 1863. Mwezi uliofuata, meli iitwayo George Griswold ilitia nanga Liverpool ikiwa na unga na vyakula vingine, msaada kutoka kwa watu wa Kaskazini.

Wakati huo huo, katika soko la Liverpool watu walikuwa wakitajirika. Shehena moja iliweza kuuzwa na kununuliwa mara kadhaa bila kusogezwa ghalani hata hatua moja. Wengi walianza kununua na kuuza pamba iliyokuwa bado baharini, au ambayo haijapakiwa kabisa, kwa makubaliano ya bei ya siku itakapofika. Biashara hiyo ilikuwapo kabla ya vita, lakini vita ndivyo vilivyoikuza, na kutokana nayo ikatokea mikataba ya bei za mbele ambayo leo hutumika katika masoko ya kahawa, pamba na mafuta ulimwenguni kote. Mwanzoni ilikuwa kinga ya mwenye kiwanda dhidi ya mshtuko wa bei. Haikuchukua muda ikawa mchezo wa watu ambao hawakuwa na nia ya kuiona pamba kwa macho.

Bombay yapata wazimu

Kwa kukosa pamba ya Marekani, wenye viwanda waligeukia India. Pamba ya huko, iliyoitwa Surat kwa jina la bandari ya zamani, ilikuwa na nyuzi fupi, na mara nyingi ilichanganywa na mchanga, majani na mbegu. Wafumaji wa Lancashire waliichukia, kwa sababu ilikatikakatika mashineni na wao walilipwa kwa kipimo cha kazi iliyokamilika. Jina Surat likawa tusi la kitu chochote kibovu. Lakini hapakuwa na nyingine. Mwaka 1860 India ilileta asilimia 16 ya pamba ya Uingereza; mwaka 1862 ilileta asilimia 75.

Fedha zilizomiminika Bombay kwa sababu ya vita vya watu wengine hukadiriwa kuwa zaidi ya pauni milioni 70 katika muda wa miaka mitano, juu ya kile ambacho pamba hiyo ingeuzwa kwa bei za kawaida. Mji haukuwa na mahali pa kuziweka. Mashamba yalikuwa mbali, viwanda vilikuwa vichache (kinu cha kwanza cha Bombay kilikuwa kimeanza katikati ya miaka ya 1850), hivyo fedha zikaingia katika hisa.

Mtu aliyevuma kuliko wote alikuwa Premchand Roychand, dalali wa pamba na hisa aliyezaliwa Surat. Mabenki mapya na makampuni ya fedha yalianzishwa karibu kila juma, na jina lake likiwa ndani ya orodha, hisa zilikwisha kabla ya wino kukauka. Makampuni mengine yaliundwa kwa ajili ya kujaza bahari ili kupata viwanja. Kubwa lao lilikuwa la kujaza ghuba ya Back Bay, ambalo hisa yake ya rupia 5,000 ilipata kuuzwa kwa zaidi ya mara tano ya bei hiyo, wakati bahari yenyewe ilikuwa bado ipo pale pale.

Madalali walikusanyika chini ya miti karibu na ukumbi wa mji, na walionunua hawakuwa matajiri peke yao. Walikuwamo makarani, wenye maduka, watumishi wa serikali na wajane wenye akiba kidogo. Wengi hawakulipa fedha taslimu. Walinunua kwa ahadi ya kulipa tarehe ya mbele, wakitegemea kwamba kabla ya tarehe hiyo watakuwa wameshauza kwa faida. Benki ya Bombay, ambayo serikali ilikuwa na hisa ndani yake, ilikopesha kwa dhamana ya hisa hizo hizo. Kwa lugha nyepesi, hisa zilinunuliwa kwa mkopo, mkopo ulidhaminiwa na hisa, na hisa zilisimama juu ya bei ya pamba. Bei ya pamba nayo ilisimama juu ya jeshi la Jenerali Robert Lee huko Virginia.

Dalili zilionekana mapema kwa aliyetaka kuziona. Septemba 1864 uvumi tu wa mazungumzo ya amani ulitosha kuiangusha bei Liverpool, na wafanyabiashara kadhaa wakafilisika kabla ya mwaka kwisha. Bombay haikusikia, au ilisikia ikapuuza. Tarehe 9 Aprili 1865 Jenerali Lee alisalimu amri. Habari ilihitaji karibu wiki mbili kuvuka Atlantiki kwa meli, kwa kuwa waya wa simu chini ya bahari ulikuwa haujafanikiwa. Ulikamilika mwaka uliofuata. Ilipofika Bombay kila mtu alitaka kuuza na hakuna aliyetaka kununua.

Mikataba mingi ya ahadi ilikuwa ikiiva tarehe 1 Julai 1865. Siku hiyo ilipofika, aliyemdai mwenzake alikuta naye anadaiwa na wa tatu, ambaye alikuwa hana kitu. Hisa ya Benki ya Bombay iliyokuwa imefika rupia 2,850 ikawa haiuziki kwa zaidi ya rupia 87. Benki yenyewe iliburura miguu hadi 1868, ikafungwa, na nyingine ikaanzishwa kwa jina lile lile. Premchand alianguka pamoja na wengine. Sehemu ya fedha alizokuwa ametoa kwa Chuo Kikuu cha Bombay wakati wa neema ndiyo iliyojenga mnara wa saa wa Rajabai, uliopewa jina la mama yake na kukamilika mwaka 1878, ambao hadi leo ni miongoni mwa alama za mji huo. Madalali wa chini ya miti waliobaki waliunda chama chao mwaka 1875. Chama hicho ndicho Soko la Hisa la Bombay la sasa.

Wakulima wa bara hawakuwa na hisa, lakini walikuwa na madeni. Bei ilipokuwa juu, wakopeshaji waliwapa fedha bila kuuliza sana. Iliposhuka, deni halikushuka nalo. Mei 1875, katika wilaya za Poona na Ahmednagar, wakulima walivamia maduka ya wakopeshaji. Hawakutafuta fedha. Walitafuta hati za madeni, wakazichoma moto.

Misri yakopa juu ya neema

Misri ilipata zaidi, na ikapoteza zaidi. Pamba yake ilikuwa na nyuzi ndefu, nzuri kuliko ya India. Kati ya 1860 na 1865 mazao yaliongezeka kutoka takriban ratili milioni 50 hadi milioni 250. Mashamba ya ngano na maharage yaligeuzwa kuwa ya pamba, mpaka nchi iliyokuwa ikilisha jirani zake kwa nafaka tangu enzi za kale ikaanza kununua chakula kutoka nje. Palipohitajika mikono zaidi shambani, watumwa waliletwa kutoka Sudan. Hivyo vita vilivyokuwa vikiua utumwa Marekani viliuongeza katika bonde la Nile.

Ismail Pasha aliingia madarakani Januari 1863, bei ikiwa inapaa. Alijenga reli, mifereji, madaraja, majumba ya fahari na mji mpya wa Cairo wa mtindo wa Paris, na alikopa kana kwamba pamba itabaki peni 30 milele. Mabenki ya Ulaya yalimkopesha kwa dhana hiyo hiyo, kwa hiyo si haki kumlaumu yeye peke yake. Alipoanza kutawala deni la nchi lilikuwa pauni milioni chache. Kufikia 1876 lilikuwa karibu pauni milioni 90.

Mfereji wa Suez ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1869 kwa sherehe kubwa. Miaka sita baadaye, Novemba 1875, Ismail aliuza hisa zote 176,602 za Misri katika mfereji huo kwa serikali ya Uingereza, kwa bei iliyopungua kidogo tu pauni milioni 4. Waziri Mkuu Disraeli alizipata fedha hizo kwa mkopo wa haraka kutoka kwa akina Rothschild. Mwaka uliofuata Misri ilishindwa kulipa wadai wake, na wawakilishi wa wadai wakaingia kusimamia mapato ya serikali. Mwaka 1879 Ismail aliondolewa. Mwaka 1882 wananchi waliochoshwa waliasi chini ya Kanali Ahmed Urabi, na majeshi ya Uingereza yakatua. Yalikaa, kwa sura moja au nyingine, zaidi ya miaka 70.

Si sahihi kusema kwamba vita vya Marekani ndivyo vilivyoifanya Misri itawaliwe. Kulikuwa na ubadhirifu, riba za kinyonyaji na tamaa za kisiasa. Lakini mkopo wa kwanza mkubwa hupatikana kwa urahisi pale bei ya zao inapokuwa juu, na bei hiyo ilitoka vitani.

Majora ya merikani

Afrika Mashariki haikuuza pamba, lakini ilinunua nguo, na nguo yenyewe jina lake lilitaja ilikotoka. Merikani, kitambaa kizito kisichopaushwa, kilifumwa katika viwanda vya New England na kuletwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani uliwafungulia njia, na kuanzia 1837 Marekani ilikuwa na konsuli wake Unguja. Walileta majora ya nguo, wakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu.

Kwa misafara iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, merikani haikuwa nguo tu. Ilikuwa fedha. Posho ya wapagazi, hongo ya machifu, bei ya mtama njiani, vyote vilihesabiwa kwa mikono, shuka na doti. Mfanyabiashara aliyetaka kwenda bara alikopa nguo kwa tajiri wa Kihindi pwani, na kulipa kwa pembe aliporudi mwaka mmoja au miwili baadaye.

Viwanda vya New England vilikuwa Kaskazini, lakini pamba yao ilitoka Kusini. Vita vilipoanza, navyo vilikosa malighafi, na nguo chache zilizofumwa zilikuwa na soko nyumbani, kwa jeshi. Majora ya merikani yakawa adimu Unguja na bei yake ikapanda. Nguo za Uingereza, na zile zilizopitia Bombay, zikaziba pengo. Watu wa bara hawakuzipenda kwa sababu nyingi zilikuwa nyepesi, lakini aliyekosa fedha yake ya kawaida hupokea ile iliyopo.

Na bahari yenyewe ilikuwa imechafuka. Alabama, meli ya kivita ya Kusini iliyojengwa karibu na Liverpool, ilikamata meli zaidi ya 60 za Kaskazini katika muda wa miaka miwili, na nyingi kati yake ikazichoma. Mwaka 1863 ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema ikaingia Bahari ya Hindi, na Februari 1864 ilitia nanga kisiwani Anjouan, katika Komoro, kuchukua chakula. Ilizamishwa karibu na pwani ya Ufaransa tarehe 19 Juni 1864. Lakini hasara kubwa ya biashara haikutokana na meli zilizochomwa. Ilitokana na bima. Malipo ya bima kwa chombo chenye bendera ya Marekani yalipanda kiasi kwamba wenye mizigo waliikwepa bendera hiyo, na wenye meli wakaziuza kwa mamia kwa wageni au kuziandikisha chini ya bendera nyingine. Meli hizo hazikurudi vita vilipokwisha. Wenye mizigo wanaopitia Bahari ya Shamu wameuona mchezo huo tena tangu mwishoni mwa 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli.

Merikani ilirudi Unguja baada ya 1865 na iliendelea kupendwa, lakini wafanyabiashara wa Salem hawakupata tena nafasi waliyokuwa nayo. Suez ilifunguliwa, na mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilianza safari za kawaida za kuiunganisha Unguja na Aden, na kutoka huko India. Kabla karne ya 19 haijaisha, viwanda vya Bombay vilikuwa vikifuma kitambaa cha kuiga merikani na kukiuza pwani kwa bei nafuu. Jina lilibaki la Marekani, faida ikaenda kwingine.

Karatasi zenye ahadi ya pamba

Mwaka 1863, serikali ya Kusini, ikiwa haina fedha lakini ina pamba isiyoweza kusafirishwa, ilipata wazo. Kupitia nyumba ya fedha ya Emile Erlanger ya Paris, ilitoa hati za mkopo zenye thamani ya pauni milioni 3, riba asilimia 7, muda miaka 20. Hati ya pauni 100 iliuzwa kwa pauni 90. Kivutio kilikuwa kwamba mwenye hati angeweza kuibadilisha wakati wowote kwa pamba, kwa bei ya peni 6 kwa ratili. Pamba Liverpool ilikuwa zaidi ya peni 20. Katika London, Liverpool, Paris, Amsterdam na Frankfurt, watu walipiga hesabu hiyo na kuona faida mara tatu. Maombi yalizidi hati zilizokuwapo kwa mbali.

Masharti yaliyoandikwa chini hayakusomwa na wengi. Pamba ingekabidhiwa ndani ya Kusini. Kuitoa nje, kupita katikati ya manowari, ilikuwa kazi ya mwenye hati. Wiki chache baada ya mauzo, bei ilianza kuyumba, na mawakala wa Kusini wakawa wananunua hati zao wenyewe kwa siri, kwa fedha zile zile walizokopa, ili soko lionekane lina uhai. Julai 1863 Kusini ilipigwa Gettysburg na kupoteza Vicksburg ndani ya wiki moja, na hakuna ununuzi wa siri uliotosha tena.

Wakati huo huo hati za serikali ya Lincoln zilikuwa zikiuzwa kwa bei ya kutupa Frankfurt na Amsterdam, kwa sababu wachache walikuwa na hakika nani atashinda. Walionunua hizo na kuzihifadhi walilipwa kwa dhahabu.

Wenye hati za Kusini walibaki na karatasi. Mwaka 1868 marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani yalipiga marufuku kulipa deni lolote lililokopwa kwa ajili ya uasi, kwa hiyo mlango ulifungwa kisheria. Mwaka 1872, mahakama ya usuluhishi mjini Geneva iliitoza Uingereza dola milioni 15.5 kwa hasara zilizofanywa na Alabama na wenzake, lakini fedha hizo zilikwenda Washington. Waingereza waliokuwa wameikopesha Kusini walilipa kodi ya kufidia meli zilizochomwa na Kusini, na hati zao zikiwa bado sandukuni.

Hata hivyo hati hizo hazikufa haraka. Mwaka 1881, miaka 16 baada ya serikali iliyozitoa kutoweka, uvumi ulienea London kwamba kuna dhahabu ya Kusini iliyofichwa katika Benki Kuu ya Uingereza, na kwamba wenye hati watagawiwa. Dhahabu hiyo haikuwapo. Hati zilipanda bei kwa muda, na wakapatikana watu wa kuzinunua.